Spea za mtumba kati ya mtu na mtu: ugomvi mwingi hauletwi na matapeli, huletwa na maelezo mabovu

Mkazi wa Uyole (mleta uzi)

Wanajamvi, habari za jioni.

Nafungua uzi huu baada ya kushuhudia, ndani ya miezi miwili, watu watatu hapa Mbeya wakigombana vibaya na watu waliowauzia spea za magari kupitia mtandao, na katika ugomvi wote huo hapakuwa na tapeli hata mmoja. Fedha zilifika, mizigo ilifika, na kila upande uliapa kwamba umetimiza ahadi yake. Mmoja wa watu hao watatu ni mimi mwenyewe, kwa hiyo nitaanza na aibu yangu.

Gari langu ni Toyota IST. Bodaboda aliivunja taa yake ya mbele pale Mafiati, nami nikaona kwenye kundi la WhatsApp tangazo la bwana mmoja wa Iringa aliyekuwa akiuza vitu vilivyosalimika kwenye gari la familia yake lililopata ajali. Tukakubaliana taa ya kushoto kwa shilingi 70,000, akaipakia kwenye basi, na kesho yake nikaenda stendi kuchukua boksi langu. Nilipolifungua nikakuta taa ya kulia. Nilimpigia simu kwa maneno ambayo leo yananitia haya, naye akanijibu kwa upole kwamba ametuma ya kushoto kama tulivyokubaliana. Tulibishana karibu robo saa kabla ya kugundua kwamba yeye alikuwa amesimama mbele ya gari akilitazama usoni, ilhali mimi nilikuwa nikijiona nimekaa ndani nimeshika usukani. Kushoto kwake kulikuwa kulia kwangu. Gharama ya mzigo kurudi na kuja tena tuligawana, na tangu siku hiyo siandiki tena kushoto wala kulia. Naandika upande wa dereva au upande wa abiria.

Kisa cha pili ni cha jirani yangu, naye hakutoka kwa gharama ya nauli ya mzigo tu. Alinunua giaboksi kwa mtu wa Dar es Salaam, tangazo likisema "giaboksi ya IST, injini 1.5, otomatiki". Maneno hayo yalikuwa ya kweli yote. Tatizo ni kwamba IST ya toleo la kwanza, ile iliyoanza kutengenezwa 2002, imegawanyika: NCP60 ina injini ya 1.3 aina ya 2NZ-FE, NCP61 ina injini ya 1.5 aina ya 1NZ-FE, na NCP65 ina injini hiyohiyo ya 1.5 lakini inavuta magurudumu yote manne. Jirani ana NCP65. Giaboksi aliyoletewa ilikuwa ya NCP61, na haina kabisa mahali pa kutokea shafti ya kwenda nyuma. Fundi aliiangalia dakika mbili akaifunika turubai, na iko chini ya turubai hilo hadi leo.

Hoja yangu ni kwamba katika mauziano ya mtu binafsi na mtu binafsi, maelezo yaliyoandikwa kabla ya fedha kutumwa ndiyo dhamana yako, na huna nyingine. Duka lina jina, lina mlango, na linapaswa kukupa risiti ya mashine ya EFD. Ukirudi kesho utalikuta. Mtu aliyekuuzia taa mbili za gari lake lililopinduka hana duka la kurudia, na sheria yenyewe inamtazama tofauti. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inahesabu kwamba kuna masharti yamo ndani ya mauziano hata kama hakuna aliyeyatamka. Sharti kwamba bidhaa iwe na ubora wa kuridhisha linamgusa anayefanya biashara ya bidhaa za namna hiyo, na huyu bwana wa taa mbili si mfanyabiashara wa taa. Lakini sharti kwamba bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo yake halichagui. Linambana kila muuzaji, mwenye duka na asiye na duka. Kwa maana hiyo, akikuandikia "altaneta nzima" tu, amekupa maelezo membamba kama uzi wa buibui. Akikuandikia namba ya kifaa, aina ya gari ilikotoka, na kasoro zilizopo, amejifunga kwa kamba unayoweza kuivuta.

Namba hizo si siri ya mafundi. Sehemu nyingi za Toyota zina namba iliyogawanywa na kistari katikati, tarakimu tano mbele na tano nyuma, ambapo wakati mwingine nyuma huingia na herufi. Tano za mbele zinakwambia ni kitu gani: 27060 ni altaneta, 28100 ni staata, 89661 ni kompyuta ya injini, 48510 ni shokapu ya mbele kulia na 48520 ni shokapu ya mbele kushoto, na kulia hapo ni kwa mtu aliyekaa ndani akitazama mbele, kama nilivyokuwa nimekaa mimi. Tano za nyuma ndizo zinazotenganisha kifaa cha gari moja na cha jingine. Kompyuta mbili za injini zenye umbo moja na soketi zinazofanana, lakini tano za nyuma tofauti, zinaweza kukufanyia gari lisiwake kabisa. Omba picha ya namba hiyo ikiwa imepigwa karibu, kwenye mwanga, kisha uilinganishe na ya kifaa chako kilichokufa kabla hujakitupa. Watu wengi hukitupa kwanza.

Jambo la mwisho kwa leo: mkizungumza kwa simu, ukikata andika ujumbe unaorudia mliyokubaliana, naye ajibu "sawa". Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, ujumbe wa simu unaweza kupokelewa mahakamani kama ushahidi. Maneno ya mdomo yaliyopita kwenye simu kila mtu atayakumbuka kwa faida yake.

Karibuni mnikosoe.

Mwananchi wa Tukuyu

Ugonile mkuu. Nimesoma yote, lakini naona unajitesa. Mwanjelwa pana maduka ya spea, kuna mafundi wa kukufungia palepale, na kitu kikigoma unarudi nacho mchana huohuo. Kwa nini mtu ahangaike na mtu asiyemjua wa Iringa au Dar?

Mkazi wa Uyole

Ndaga, ndugu yangu. Kwa plagi, pedi za breki na vichujio nakubaliana nawe kabisa, sina sababu ya kumtafuta mtu wa mbali. Lakini jaribu kutafuta dukani kioo kidogo cha pembetatu cha mlango wa nyuma, au kishikizo cha bampa upande mmoja, au kifuniko cha kioo cha pembeni chenye rangi ya gari lako. Mwenye duka atataka ununue mlango mzima au kioo kizima, kwa sababu yeye naye alinunua hivyo. Mtu binafsi anayelichinja gari lake moja anakukatia kipande unachotaka.

Fundi wa Ipogolo

Kamwene wote. Nimefanya ufundi Iringa kwa miaka mingi na nilianzia gereji za Dar es Salaam, kwa hiyo nitachangia pale ambapo watu wa nyanda za juu huwa wanakosea hata wakiwa na maelezo mazuri mkononi.

Mteja wangu aliletewa injini ya 1NZ-FE kutoka pwani. Muuzaji alikuwa mwaminifu kuliko kawaida, kwani alimtumia video ya kipimo cha kompresheni, yaani nguvu ya silinda kukandamiza hewa, kikisoma 13 katika kila silinda, kwa kilo kwa sentimita ya mraba. Injini ilipofika Mbeya kwa ndugu yake ikapimwa tena, ikasoma kumi na nusu. Mteja akapandisha hasira, akamwita muuzaji mwizi, akasema amebadilishiwa injini njiani. Injini haikuwa imebadilishwa. Mji wa Mbeya uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa huko ni kama asilimia 80 tu ya ule wa Dar es Salaam. Silinda inavuta hewa nyepesi, kwa hiyo inakandamiza hewa nyepesi, na kipimo kinashuka karibu sehemu moja kati ya tano bila ringi wala valvu kuwa na kosa lolote. Ndiyo maana mimi siangalii sana namba yenyewe. Naangalia kama silinda nne zinakaribiana. Injini inayosoma kumi na nusu, kumi na nusu, kumi, kumi na nusu nitaifunga bila wasiwasi. Inayosoma kumi na mbili, kumi na mbili, saba, kumi na mbili nitaikataa hata kama imepimwa ufukweni Coco. Kipimo chenyewe kiwe kimefanywa injini ikiwa ya moto, plagi zote zimetolewa na pedeli ya mafuta imekanyagwa hadi chini, la sivyo hakina maana.

Kwa altaneta, mwombe muuzaji aifunge kwenye gari kama gari bado linawaka, na mita isome volti kati ya 13.5 na 14.5 injini ikinguruma. Kwa giaboksi ya otomatiki, sampo, yaani bakuli la oili lililo chini yake, ifunguliwe. Sumaku zilizomo ndani zikiwa na ungaunga laini mweusi kama masizi, hilo ni jambo la kawaida kwa giaboksi iliyotembea. Zikiwa na vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole, funga mkoba wako. Oili yenye harufu ya kuungua inakupa jibu hilohilo. Shokapu iliyolowa oili kwenye shina imekufa hata ikifutwa na kupigwa picha ikiwa inang'aa, na kwa sababu hiyo naishuku sana shokapu safi iliyotoka kwenye gari chafu.

Na kuna vitu ambavyo mimi sifungi vikiwa vya mtumba, hata mteja akinibembeleza: mikanda ya usalama na mifuko ya hewa iliyotoka kwenye gari la ajali, mipira ya breki, na mkanda wa taimingi. Anayeshuka Kitonga na gari lililojaa hapaswi kuwa anakisia umri wa mpira wake wa breki. Matairi ya mtumba watu wananunua, siwezi kuwazuia, lakini yana tarehe ubavuni: tarakimu nne za mwisho za maandishi ya DOT ni wiki na mwaka, kwa hiyo 2316 ni wiki ya 23 ya 2016. Picha ya tangazo ikikwepa sehemu hiyo, muulize kwa nini.

Muuzaji wa Makambako

Shikamoo kwa wakubwa, na wengine habari zenu. Mmezungumza kama vile mnunuzi ndiye anayeumia siku zote. Mimi ni mama wa nyumbani, na baada ya mume wangu kuacha kutengeneza Noah yetu ya zamani niliamua kuiuza kipande kwa kipande badala ya kuiacha ioze uani. Nimejifunza mambo ambayo sikuyatarajia.

Mteja wa kwanza alinunua staata, akakaa nayo siku tisa, akanirudishia akisema ni mbovu. Nilipoipokea nikaona ni nyekundu ya kutu, ilhali ile niliyompa ilikuwa safi. Alikuwa amenirudishia iliyokufa ya kwake. Sikuwa na ushahidi wowote, nikarudisha fedha huku moyo ukiniuma. Sasa kila kitu kinachotoka kwangu nakitia nukta mbili za rangi ya kucha mahali pasipoonekana kwa haraka, nakipiga picha pamoja na namba yake, na naandika kwenye ujumbe kwamba kuna alama na kwamba kurudisha ni ndani ya siku tatu tangu mzigo ufike stendi. Tangu nianze kuandika hivyo hakuna aliyenirudishia kitu kisicho changu.

Vifaa vya umeme navyo ni mtihani. Kompyuta ya gari inatoka kwangu ikiwa nzima, inafungwa na kijana anayejifunza kazi huku betri haijatolewa, inaungua, kisha lawama inarudi Makambako. Kwa hivyo naandika wazi kwamba vifaa vya umeme vikishafungwa havirudi, isipokuwa vikifungwa na fundi huku video ikichukuliwa tangu boksi linapofunguliwa. Wapo wanaoniona mkali, nami naona nimewapa njia.

Nitasema pia kwamba kutaja kasoro hakujanipunguzia wateja. Niliuza bampa nikaandika kwamba lina ufa wa urefu wa kiganja chini ya taa ya ukungu na kwamba masikio mawili ya kufungia yamekatika. Liliondoka siku hiyohiyo, na aliyenunua hakunipigia tena simu mpaka alipohitaji boneti.

Mkazi wa Uyole

Dada yetu, hilo la rangi ya kucha nitaliiba bila kuomba ruhusa. Umenikumbusha pia kwamba maelezo yanamlinda anayeyaandika kama yanavyomlinda anayeyasoma, jambo ambalo sikulisema mwanzoni kwa sababu nilikuwa bado naugulia taa yangu.

Mdau wa Tunduma

Naongeza upande ambao hamjaugusa, nao ni mali ya wizi. Vioo vya pembeni, taa na kompyuta za magari hufunguliwa usiku kwenye maegesho, na ndani ya siku chache huwa vimeshaingia kwenye makundi hayahaya ya mtandaoni. Wamiliki wengi siku hizi huchora namba ya usajili kwenye vioo na taa zao. Kwa hiyo kioo chenye mkwaruzo wa mstatili kwenye kona, pale ambapo namba hukaa, kimekwaruzwa kwa makusudi, na bei yake ya kutupa ina sababu.

Usijifariji kwamba umelipa kwa nia njema. Aliyekuuzia kitu ambacho si chake hawezi kukupa umiliki ambao yeye mwenyewe hakuwa nao; mwenyewe akijitokeza na kukitambua anakichukua, na wewe unabaki kumdai mtu ambaye simu yake haipatikani. Na kama mazingira yalitosha kukufanya ushuku, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inalitambua kosa la kupokea mali ya wizi. Maelezo anayodai mkuu wa Uyole yanasaidia hapa pia. Muulize muuzaji kifaa kimetoka kwenye gari gani, akutumie picha ya gari hilo na kibati cha modeli kilicho kwenye chumba cha injini. Mtu anayelichinja gari lake ana gari la kukuonyesha, hata kama limebaki mifupa.

Mpita Njia wa Mafinga

Malipo je? Naona mnayaruka.

Mdau wa Tunduma

Ni mafupi, mkuu. Unapotuma fedha kwa simu, jina la mwenye namba hutokea kabla hujaweka namba ya siri. Lilinganishe na jina la mtu unayezungumza naye, na likiwa jingine simama. Usikubali habari za "tuma kwa namba ya shemeji, ya kwangu imejaa". Fedha uliyoituma mwenyewe kwa hiari, kwa namba uliyoiandika mwenyewe, kuirudisha ni kazi ngumu hata ukipiga simu huduma kwa wateja muda huohuo. Namba ya tapeli itume kwenda 15040, ambayo ndiyo iliyowekwa kwa kazi hiyo.

Zaidi ya hapo, sisi watu wa ukanda huu tuna utajiri ambao hatuutumii. Hakuna mtu wa Mbeya asiye na binamu Iringa, Njombe, Mbalizi au Dar es Salaam. Mtume binamu akakione kitu kwa macho, ashike namba, apige picha yeye mwenyewe, kisha alipe yeye mkononi. Soda ya binamu ni nafuu kuliko nauli ya mzigo kurudi.

Fundi wa Ipogolo

Binamu huyo apewe maelezo pia. Nimeona binamu akitumwa kukagua giaboksi akarudi na jibu kwamba ni nzito na inaonekana nzuri.

Jirani wa giaboksi

Habari zenu. Mimi ndiye jirani aliyetajwa juu kabisa, na nimesoma uzi wote nikiwa nimekaa mita chache kutoka kwenye turubai lenyewe. Muuzaji wangu sina ugomvi naye tena. Nimerudi kusoma ujumbe wetu na nimekuta aliniuliza "gari lako ni la aina gani", nami nikamjibu "IST ya kawaida". Kwa kuwa hapa ndipo mahali pake, naomba niiweke sokoni kwa namna mlivyoelekeza.

Nauza giaboksi ya otomatiki ya Toyota IST, NCP61, injini 1NZ-FE, ya gari linalovuta magurudumu ya mbele pekee. Haiingii kwenye NCP65. Hilo nalijua kwa gharama zangu. Aliyeniuzia aliniandikia kwamba gari ilikotoka lilikuwa limetembea kilomita 118,000, na ujumbe huo ninao, lakini mimi mwenyewe sijawahi kuiendesha hata mita moja, kwa hiyo siwezi kuapa kuhusu ubadilishaji wa gia. Soketi ya sensa moja upande wa juu imevunjika sikio la kushikia, ingawa pini zake ni nzima. Oili imemwagwa, matundu yameziba kwa vitambaa, na nimetia nukta mbili za rangi ya kucha ambazo mke wangu anadai fidia yake. Iko Uyole. Nilinunua kwa 620,000 na nauza kwa 500,000.

Fundi wa Ipogolo

Tangazo zuri, mkuu. Sampo imefunguliwa?

Jirani wa giaboksi

Bado. Nitaifungua Jumamosi saa nne asubuhi mbele ya yeyote atakayefika, na asiyeweza kufika amtume binamu.